Fedha za Utafiti Hupitia Kisangani: Mwongozo kwa Aliyeko Bafwasende

Tunda iko Maniema, Kole iko Sankuru. Mtu wa Bafwasende akilalamika kwamba barabara imeharibika na mtandao ni wa kuvizia, watu wa miji hiyo miwili wanamwelewa vizuri sana, kwa kuwa kwao ni vilevile. Lakini ni huko, kuanzia Oktoba 2022, ambako taasisi ya NIAID ya serikali ya Marekani na INRB, taasisi ya taifa ya Congo ya utafiti wa tiba, zilijaribu dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox 597. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Dawa haikufupisha siku za vidonda. Waliofariki, hata hivyo, walikuwa asilimia 1.7 tu, wakati kwa wagonjwa wote wa nchi ilikuwa ikihesabiwa asilimia 3.6 au zaidi. Kulazwa, kulishwa na kuangaliwa kila siku kuliokoa watu, dawa ikiwepo au isiwepo.

Kwa nini Kole? Kati ya 2007 na 2011 hospitali kuu ya rufaa ya Kole ilikuwa imekwisha kufuatilia na kuandika habari za wagonjwa 216 wa mpox, mmoja baada ya mwingine. Sikuwepo walipokaa kuchagua, ila ukiniuliza nitakujibu hivi: serikali mbili zenye fedha zinapotafuta mahali pa kufanyia kazi, huenda kwanza palipo na kumbukumbu.

Mwongozo huu ni kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, mwalimu wa chuo, bwana shamba, mjumbe wa kamati ya msitu wa jamii, na kijana aliyemaliza masomo Kisangani akarudi nyumbani kwao ukingoni mwa mto Lindi. Hautakufundisha kuandika mradi wa kurasa mia. Utakuonyesha fedha hizo zinatoka wapi, zinapita kwa nani, na wewe ushike nini mkononi zitakapokaribia.

Zinatoka wapi

Kuna fedha za nchi moja kwa nchi moja. Kwa mkoa wetu wa Tshopo, mkongwe wa aina hii ni Ubelgiji. Vyuo vikuu vya upande wa Flanders hupata fedha za serikali kupitia VLIR-UOS, na vya upande wa Kifaransa kupitia ARES. Makumbusho ya Tervuren na bustani ya mimea ya Meise nazo hushirikiana na Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Mwaka 2010 watafiti wa Congo na wa Ubelgiji walipanda mashua pamoja katika safari ya kisayansi iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo, wakikusanya samaki, mimea, wadudu na panya kando ya mto. Kituo cha kufuatilia viumbe hai cha Kisangani, CSB, kilijengwa kwa msaada wa ushirikiano huohuo.

Kuna fedha ambazo serikali nyingi huzimimina katika mfuko mmoja. Umoja wa Ulaya ndio mkubwa. Mradi wa FORETS, ulioongozwa na CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, kuanzia 2017, uliigusa Yangambi moja kwa moja: wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa UNIKIS walisomeshwa, na maabara ya kuchunguza mbao ikaanzishwa. Mwaka 2020 msitu wa Yangambi ulipata pia mnara wa mita 55 wa Chuo Kikuu cha Ghent, unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka katika msitu. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika bonde lote la Congo. Juu ya hayo ipo Horizon Europe, programu ya utafiti ya 2021 hadi 2027, iliyopangiwa mwanzoni euro bilioni 95.5. Kwa upande wa afya ipo EDCTP3, ambamo serikali za Ulaya na za Afrika hukaa meza moja kuamua magonjwa gani yafanyiwe majaribio ya dawa na chanjo. CAFI nayo, mfuko wa misitu ya Afrika ya Kati ulioundwa 2015 na Norway na nchi nyingine, hugharimia zaidi matumizi ya ardhi na misitu kuliko utafiti, lakini miradi yake haiendi bila ramani na vipimo, na vipimo vinahitaji watu.

Tofauti kati ya mifuko hii ina maana kwako. Fedha za Ubelgiji huenda kwa mtu anayejuana na mtu: profesa wa Kisangani aliyesoma Ghent au Liège, na mwenzake aliyebaki huko. Fedha za Umoja wa Ulaya huenda kwa mwito wa maombi wenye tarehe, fomu na ushindani mkali. Fedha za CAFI hupitia Kinshasa. Anayemwandikia balozi wa Ulaya kuomba fedha za Horizon anapoteza karatasi yake.

Na hakuna hata mfuko mmoja kati ya hiyo utakaotuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kamati ya kijiji. Chukua kanuni ya Horizon Europe: miradi mingi ya ushirikiano lazima iwe na taasisi zisizopungua tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga na programu hiyo, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama wa Umoja. Taasisi ya Congo inaruhusiwa kuingia na kulipwa, kwa kuwa nchi yetu imo katika orodha ya nchi zenye kipato cha chini, lakini huongezwa juu ya hizo tatu. Kwa hiyo mlango wako uko Kisangani.

Umwone nani

Ukiwa na jambo la miti, wanyama, samaki au wadudu, nenda CSB na kitivo cha sayansi cha UNIKIS. Ukiwa na jambo la mazao, nenda IFA, taasisi ya kilimo ya Yangambi, au INERA, mrithi wa kituo cha INEAC kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933. Ukiwa na jambo la ugonjwa, usiruke ngazi. Anza kwa daktari mkuu wa kanda ya afya, kisha idara ya afya ya mkoa, ndipo INRB. Muuguzi anayemwandikia mtafiti wa Kinshasa bila daktari mkuu wake kujua atapata matatizo ambayo utafiti wowote hauwezi kuyaponya.

Usiende kwa mkubwa zaidi kwanza. Mkuu wa chuo atakupokea vizuri, atakunywesha soda, na barua yako italala. Mtafute mwalimu msaidizi anayeandika tasnifu yake ya uzamivu. Huyo ana njaa ya mahali pa kupimia, ana tarehe ya kumaliza, na ndiye anayemwandikia kila wiki msimamizi wake wa Ulaya. Muulize jambo moja: unakosa takwimu za wapi? Sehemu kubwa ya utafiti wa Tshopo imefanyika karibu na mji, Masako, Yoko na Yangambi, kwa sababu mtafiti anafika na kurudi kwa gharama ndogo. Barabara ya taifa namba 4, kutoka Kisangani kupita Bafwasende kuelekea Nia-Nia, imepita katikati ya msitu ambao vipimo vyake ni vichache sana. Huo ndio mtaji wako wa kwanza, na hukuufanyia kazi yoyote kuupata.

Endelea mbele kwa barabara hiyohiyo hadi Epulu, katika Hifadhi ya Okapi, uone mtaji huo unavyoweza kukua. Tangu 1994 miti ya hekta 40 za msitu wa Ituri imekuwa ikipimwa na kupewa namba. Vita vilipofika, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki na kuzificha kumbukumbu, sampuli na vifaa visiporwe. Alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2005, na baadaye akawa profesa UNIKIS. Vipimo vile bado vinatumika hadi leo. Kama daftari zile zingechomwa, hakuna serikali ambayo ingeweza kuzinunua tena kwa bei yoyote.

Daftari

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaamini mradi huanza siku fedha zinapofika. Mtafiti anaamini mradi huanza siku ya kwanza iliyoandikwa.

Chagua kitu kimoja. Kama ni muhogo, chagua mashamba machache, uyatembelee kila mwezi, na uandike mimea mingapi ina majani ya mabaka ya njano, na wakati wa kung'oa, mizizi mingapi ina uozo mkavu wa kahawia ndani. Magonjwa haya ya virusi yanafuatiliwa na mpango wa WAVE, wenye makao yake Côte d'Ivoire, uliogharimiwa na serikali ya Uingereza pamoja na wakfu wa Gates, na nchi yetu imo ndani yake. Kama ni miti, andika tarehe ya kuchanua na kuzaa kwa afrormosia au mbau, jina lake kwa Kibali au Kikumu kando ya jina la kitaalamu, na upime unene wa shina kwenye kimo kilekile cha mita 1.3 kila mwaka. Kama ni mvua, kipimamvua na saa ileile ya kukisoma kila asubuhi vinatosha.

Kila mstari uwe na tarehe, mahali, jina la aliyepima na namna alivyopima. Simu ya kawaida ya kisasa inatoa alama za mahali hata bila mtandao, kwa hiyo ziandike. Usibadilishe namna ya kupima katikati. Ukilazimika kubadilisha, andika siku uliyobadilisha na kwa nini. Siku usiyopima iache wazi. Nafasi tupu inasameheka, lakini tarakimu ya kubuni ikigunduliwa, daftari zima linatupwa pamoja na jina lako. Piga picha kila ukurasa mwisho wa mwezi na uzitume kwa mtu aliye Kisangani. Mvua, mchwa na watu wenye silaha vyote vinakula karatasi.

Kwa wagonjwa sheria ni nyingine. Rejista ya kituo ni mali ya kanda ya afya na siri ya mgonjwa ni yake. Picha ya vidonda vya mtoto haisafiri kwa WhatsApp kwa sababu profesa fulani ameiomba. Kazi yako ni kuhakikisha rejista imejazwa: umri, kijiji, siku dalili zilipoanza, siku mgonjwa alipofika, na mwisho wake. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi kuliko zote. Takwimu zikihitajika, zitatoka bila majina, kwa idhini ya kamati ya maadili.

Kisa cha kahawa ni somo la uchungu. Ugonjwa wa kunyauka uliangamiza robusta ya kaskazini mashariki mwa nchi yetu, kisha ukaingia Uganda miaka ya 1990. Serikali ziliungana: kuanzia 2000 programu ya kikanda iliyogharimiwa na Umoja wa Ulaya, Uingereza na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, chini ya uratibu wa shirika la CABI, ilishirikisha Congo, Uganda, Tanzania, Rwanda, Ethiopia, Cameroon na Côte d'Ivoire. Uganda ilitoka na robusta zinazostahimili, KR1 hadi KR7, zikasambazwa kwa wakulima. Sisi tulikuwa vitani. Mkusanyo wa robusta wa Yangambi ulikuwepo, ugonjwa ulikuwa wetu, lakini nchi iliyokuwa na kituo kinachofanya kazi na watu wanaoandika kila siku ndiyo iliyovuna.

Barua, karatasi na fedha

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa. Aya ya kwanza: unapima nini, tangu lini, mahali gani. Ya pili: ukurasa mmoja wa daftari umeambatishwa. Ya tatu: unaweza kutoa nini, kwa mfano nyumba ya kulala mtafiti, watu wawili wanaojua njia za msituni, idhini ya chifu. Ya nne: unaomba nini. Usiombe fedha katika barua ya kwanza. Omba mtu aje aangalie namna yako ya kupima. Porojo za umaskini wa wakazi na utajiri wa msitu wetu ziache, kila mtu amekwisha kuzisoma.

Kama kikundi chenu kinataka kutajwa kwa jina katika mkataba, mtahitaji utu wa kisheria. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia mashirika yasiyo ya faida. Kwa fedha za Ulaya, kila mshirika huandikishwa kwenye tovuti ya Umoja na kupewa namba ya tarakimu tisa inayoitwa PIC. Kuandikishwa ni bure, na anayekudai malipo kwa ajili ya hiyo ni mwizi. Kuupata mkataba wenyewe wa ushirika ni vigumu zaidi. Kwa wengi wa Bafwasende ushauri wangu ni kwamba msiutafute mwanzoni. Ingieni kama eneo la utafiti chini ya UNIKIS au IFA, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na mjifunze namna fedha hizo zinavyohesabiwa kabla ya kubeba mzigo wa hesabu hizo wenyewe. Horizon inataka risiti zihifadhiwe kwa kawaida miaka mitano baada ya malipo ya mwisho. Vikundi vingapi vya kwetu vina sanduku lisilovuja kwa miaka mitano?

Katika makubaliano hayo, angalia bajeti kwanza. Miradi ya Horizon huruhusu asilimia 25 juu ya gharama nyingi za moja kwa moja kwa ajili ya ofisi na usimamizi. Ukisoma bajeti ambayo asilimia hiyo yote inabaki Ulaya na Kisangani, uliza, tena uliza mapema, maana baada ya kusaini hakuna wa kukujibu. Dai mstari wa mishahara ya wapimaji wa kijijini, kwa mwezi, na usikubali posho ya siku mtafiti anapokuja tu. Mtu anayelipwa siku za wageni atapima siku za wageni. Dai mstari wa usafiri unaolingana na bei ya kweli ya pikipiki wakati wa mvua. Wapangaji wa bajeti hukisia kilomita kama vile zote zina lami. Malipo yafanywe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ujumbe uhifadhiwe, ili ifikapo siku ya ukaguzi asikosekane mtu wa kusema alilipwa.

Semina nazipitia haraka. Kwenda siku mbili hotelini Kisangani, kupiga picha ya pamoja na kurudi na begi lenye nembo, huo si utafiti. Nenda ukialikwa, kwa sababu huko utamwona yule mwalimu msaidizi, lakini usihesabu semina kuwa mradi.

Kabla ya kusaini

Mtafiti akija na barua ya safari yenye mihuri ya Kinshasa na ya mkoa, bado anahitaji ridhaa yenu. Congo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, na sheria ya uhifadhi namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inagusa upatikanaji wa viumbe na maarifa yanayohusiana navyo, na kugawana faida. Maana yake, gome la mti ambalo mama mkunga wa kijiji anajua matumizi yake haliondoki kwenda maabara ya nje bila makubaliano. Mahali penye Wambuti, sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, ridhaa yao iwe ya hiari, itolewe mapema, wakijua wanaridhia nini. Usikubali chifu wa Kibantu awasainie. Na kama kijiji chenu kina msitu wa jamii chini ya amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, unaoweza kufikia hekta 50,000, basi kamati yenu ndiyo mwenyeji, na jina lake liandikwe hivyo.

Ombeni mambo matatu yaandikwe: nakala ya takwimu zote ibaki Bafwasende na nyingine CSB au UNIKIS, matokeo yarudishwe kwa mkutano wa hadhara kwa Kiswahili au Lingala kabla mradi haujafungwa, na waliopima watajwe kwa majina katika chapisho wakitaka. Watafiti wazuri hawakatai. Anayekataa amekuokolea muda.

Serikali zikigeuka

Tarehe 1 Mei 2025 taasisi za afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba hazitatoa tena ruzuku mpya zenye sehemu inayopitishwa kwa taasisi za nje hadi utaratibu mpya upatikane. Julai 2025 USAID ilifungwa. Kwa hiyo usilifungie eneo lako kwa serikali moja. Kama vipimo vyako vya mvua vinatumiwa na Wabelgiji, wape pia IFA kwa ajili ya kazi ya muhogo.

Na serikali zetu? Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana zamani kufikisha asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika. Congo ilisaini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Jumuiya ina tume ya sayansi na teknolojia Kigali, tume ya utafiti wa afya Bujumbura, na baraza la vyuo vikuu Kampala. Siasa ya Kinshasa na Kigali kwa sasa hairuhusu mengi, ila Kampala ni karibu, na Waganda wanaijua robusta na magonjwa yake. Mwombe profesa wako afungue mlango huo pia.

Horizon Europe inakwisha 2027. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza programu nyingine ya 2028 hadi 2034, yenye euro bilioni 175. Watakaotajwa humo kama maeneo ya utafiti wanatafutwa kabla ya miito kufunguliwa, kwa hiyo nunua daftari kabla ya kupanda msimu huu, na ukurasa wa kwanza uwe umeshajaa utakapopanda pikipiki kwenda Kisangani.